Mahali pa Kushinda: Safari ya Mafunzo Katika Bonde la Yaeda Chini

Kiswahili hutenganisha waziwazi kulala, yaani kuupitisha usiku mahali fulani, na kushinda, yaani kuupitisha mchana, na ndiyo maana mtu huulizwa asubuhi ameamkaje na jioni ameshindaje, kana kwamba kila nusu ya siku inadai makazi yake. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika suala la wanawake wasio na makazi, kwa sababu hifadhi nyingi za usiku katika miji mikubwa ya dunia zilizoea kufungua milango jioni na kuifunga alfajiri, zikamwacha mwanamke barabarani na mizigo yake kwa saa kumi au zaidi, bila choo, bila maji ya kuoga, bila pa kufulia nguo wala pa kumnyonyeshea mtoto pasipo macho ya wapita njia. Kutokana na pengo hilo ndipo ilipozaliwa hifadhi ya mchana, ambayo ni nyumba au ukumbi ambamo mwanamke asiye na makazi huingia asubuhi, akaoga, akala, akapumzika, akaonana na muuguzi au mshauri, kisha akatoka jioni. Huko Boston, Marekani, Kip Tiernan alianzisha Rosie's Place mwaka 1974 kwa kuwa aliona wanawake wakijivika mavazi ya kiume ili wapate kuingia katika hifadhi zilizokuwa za wanaume peke yao, na nyumba hiyo ikahesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kufunguliwa kwa ajili ya wanawake tu.

Afrika Mashariki ina mifano yake, ingawa chimbuko lake ni jingine. Katika Kaunti ya Samburu nchini Kenya, Rebecca Lolosoli na wenzake walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990 kiwe makao ya wanawake waliobakwa, waliofukuzwa na waume au waliokimbia ndoa za kulazimishwa, na nchini Tanzania jina linalotumika zaidi ni nyumba salama, yaani makao ya muda kwa mwanamke au msichana aliyekimbia ukatili, makao ambayo Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, unaofahamika kwa kifupi kama MTAKUWWA na uliotekelezwa kuanzia mwaka 2017/18, uliyaweka miongoni mwa huduma zinazotakiwa kuwapo. Katika mifano yote hiyo kuna mlango, kuna mwenye mlango, na kuna mwanamke anayeugonga, na kazi ya mwanafunzi anayepelekwa kujifunza hapo huanza kwa kufundishwa namna ya kuufungua.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii nchini Tanzania, awe anasoma katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, au katika chuo kingine, hutakiwa kutoka darasani kwa majuma kadhaa na kwenda katika kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita fildi, yaani mafunzo kwa vitendo chini ya uangalizi wa afisa mwenye uzoefu. Wengi huomba kupangiwa mijini, katika ofisi za halmashauri, hospitali za mikoa na vituo vya kulelea watoto, kwa sababu huko ndiko yaliko mashauri mengi na ndiko uliko usafiri. Makala haya yanafuata njia isiyozoeleka, njia ya kushuka hadi Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwa kuwa mwandishi wake anaamini kwamba anayetaka kuelewa maana ya mwanamke kukosa makazi anafaidika sana akianzia mahali ambapo wanawake wamejenga makazi kwa mikono yao tangu kale, na ambapo kuyakosa ni jambo lenye historia inayoweza kutajwa kwa miaka.

Safari kutoka Arusha hupita Makuyuni, ikaambaa na Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha ikageuka kusini kuelekea mji wa Mbulu, ambako nyanda za juu zina baridi, mashamba yamepangwa hatua kwa hatua katika miteremko, na maji huteremka kwenye vijito vyembamba kati ya vilima. Nyanda hizo ni za Wairaqw, ambao wasemaji wengi wa Kiswahili huwaita Wambulu, na ni watu wa lugha ya Kikushi, yaani ya jamii moja na Kisomali na Kioromo. Kutoka hapo njia ya udongo hupita vijiji vya juu, likiwamo eneo la Yaeda Ampa, kisha ukingo hukatika na barabara huteremka kwa mizunguko hadi kwenye bonde la joto, la migunga, mibuyu na nyasi kavu, ambalo jina lake la Chini halihitaji kufafanuliwa kwa aliyeuteremka mteremko huo. Katika kiangazi, takribani Juni hadi Novemba, vumbi hupanda juu ya miti. Katika masika udongo wa mfinyanzi hunata kwenye magurudumu hata pikipiki ikasukumwa, na sehemu ya bonde hugeuka bwawa.

Bonde hilo na maeneo yanayolizunguka ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambamo watu wa asili nne tofauti za lugha hukutana kwenye kisima kimoja. Wairaqw wa lugha ya Kikushi hulima na kufuga. Wadatoga wa lugha ya Kinailoti huchunga ng'ombe. Wanyiramba na Waisanzu wa lugha za Kibantu hukaa upande wa kusini na magharibi. Na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kuugotisha ulimi na kufyonza hewa, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Kwa mwanafunzi wa fildi jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana katika vitabu vya ethnografia, yaani maelezo ya desturi za watu, kwa sababu kila jamii kati ya hizo ina jibu lake kuhusu mwanamke anayebaki bila pa kulala, na majibu hayo yamegusana kwa vizazi vingi kabla ya ofisi ya ustawi wa jamii kufika.

Jibu la Wairaqw wa zamani lilikuwa kali. Desturi yao iitwayo meeta ilimtenga mtu aliyehesabiwa kuwa amepatwa na unajisi unaoweza kuwadhuru wengine, kwa mfano mjane, mwanamke aliyeharibu mimba au nyumba iliyofiwa, akawa hachangii maji, moto wala njia na majirani hadi muda uliowekwa upite. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alitazamwa kuwa hatari kuliko wote, na mara nyingi aliondolewa kabisa katika tembe la wazazi wake, yaani ile nyumba ya paa bapa la udongo iliyochimbiwa katika mteremko, akapelekwa pembezoni au nje kabisa ya ardhi ya jamii yake. Si haki kuieleza desturi hiyo kama ukatili mtupu usio na fikra, maana waliokuwa wakiishika waliamini kuwa wanailinda ardhi na mvua ya watu wote. Lakini pia si haki kuficha kwamba gharama ya ulinzi huo ililipwa na msichana mmoja aliyebeba mimba peke yake. Wengi wa wasichana hao walipokelewa na Wadatoga, ambao hawakuiona mimba hiyo kuwa laana, wakaolewa huko na watoto wao wakawa watoto wa boma la ng'ombe. Hivyo jamii mbili zilizopigania malisho na kuibiana mifugo zilikuwa pia zimeunganishwa na njia ya siri ya wanawake waliofukuzwa, na kwa maoni ya mwandishi njia hiyo inastahili kuhesabiwa kuwa hifadhi ya kwanza ya wanawake wasio na makazi inayofahamika katika nyanda hizo, ijapokuwa haikuwa na jengo wala msajili.

Kwa Wadatoga wenyewe, hasa tawi la Wabarbaig wanaokaa zaidi Wilaya ya Hanang, kila mke katika boma huwa na nyumba yake, na huja katika ndoa akiwa na ng'ombe aliopewa na watu wa kwao, ng'ombe ambao mume huwachunga lakini hawezi kuwatumia kana kwamba mke hayupo. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi kati yao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza kwa kirefu baraza la wanawake liitwalo girgwageeda gademga, ambalo hukusanyika chini ya mti pale mwanamume anapokiuka haki za wanawake, kwa mfano akimpiga mke wake katika kipindi cha uzazi, likasikiliza shauri, likatoa hukumu na kumtoza mkosaji ng'ombe dume. Akikaidi, wanawake huwa na laana, na laana hiyo huogopwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mwanamke anayepigwa hana budi kutoka nyumbani na kwenda katika nyumba salama hukutana hapa na mpangilio wa aina nyingine, ambamo mwanamke hubaki penye nyumba yake na hukumu ndiyo inayomfuata mwanamume. Baraza hilo haliwezi kila kitu; halimfikii mume aliyehamia mjini, na nguvu yake hupungua kadiri wanawake wanavyotawanyika. Hata hivyo linaonyesha kwamba hifadhi inaweza kuwa watu kabla ya kuwa mahali.

Kutawanyika huko kwa wanawake wa Kibarbaig kuna tarehe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilifungua mashamba ya ngano katika tambarare za Basuto wilayani Hanang, mashamba saba yaliyofikia takribani ekari 100,000, mahali palepale palipokuwa na malisho bora yaliyotegemewa wakati wa ukame. Mipaka ilipopanuka nyumba za wafugaji zilichomwa, na makaburi ya wazee waheshimiwa, ambayo hujengwa kama vichuguu na kuitwa bung'eed, yalilimwa kwa matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba walalamikaji walipaswa kwanza kuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Neno mwenyeji kwa Kiswahili ni mwenye mji, na mji katika sehemu nyingi za bara ni boma la mtu na nyumba zake. Mwanamke ambaye nyumba yake imechomwa, akadaiwa uthibitisho kwamba ni mwenye mji, amepoteza pa kulala na pa kushinda kwa pigo moja, na hakuna ukumbi wa mchana, hata uwe na mabafu mazuri kiasi gani, unaoweza kumrudishia mti ambao baraza la wanawake lilikutania.

Wahadzabe ndio waliompa mwandishi sababu ya kuandika, kwa hiyo inafaa kukaa nao zaidi. Idadi yao haizidi sana watu elfu moja na mia kadhaa, na ni sehemu tu kati yao wanaoishi wakitegemea zaidi chakula cha porini, katika kambi ambazo kwa wastani huwa na watu wapatao 30. Nyumba ya Kihadzabe hujengwa na mwanamke. Hukata matawi, akayachomeka ardhini kwa duara, akayapinda na kuyafunga juu, kisha akaezeka nyasi ndefu hadi kibanda kikawa kama kichuguu chenye mlango mdogo, kazi ambayo kwa mikono iliyozoea humalizika katika saa moja au mbili. Katika kiangazi wengi hawajengi kabisa, hulala kando ya moto au chini ya miamba iliyojitokeza kama dari. Mvua zikija, kibanda au mwamba huwa lazima. Kambi ikihama baada ya majuma au miezi, kwa kufuata maji, matunda au nyama ya mnyama mkubwa aliyeuawa, kibanda huachwa palepale na kingine hujengwa kule waendako.

Mgeni aliyezoea kupima makazi kwa bati na tofali huweza kuandika katika ripoti yake kwamba wanawake hawa hawana makazi, na ofisi nyingi zimewahi kuandika hivyo. Lakini James Woodburn, aliyeanza utafiti wake kati yao mwaka 1958, alionyesha kwamba mwanamke wa Kihadzabe huwa na uhuru ambao wanawake wengi wenye nyumba za bati hawana: huchagua mara nyingi kukaa kambi moja na mama yake mzazi, hula kile alichochimba mwenyewe bila kuomba ruhusa, na mume akikaa mbali naye kwa muda mrefu ndoa huhesabiwa kuwa imekwisha, ilhali kibanda na mwanamke aliyekijenga vipo palepale kambini. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii zenye usawa, Woodburn alieleza kwamba uwezo wa mtu yeyote kuondoka na kujiunga na kambi nyingine ndio unaomzuia mwenye nguvu asimtawale mnyonge. Kwa lugha ya mwanafunzi wa fildi, hifadhi ya mwanamke huyu ni haki ya kuingia katika kambi ya ndugu zake bila kugonga mlango, na haki hiyo haihamishiki kwenye jengo.

Mchana wa wanawake hao una utaratibu wake. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, huondoka kwa kundi wakiwa na watoto wanaonyonya mgongoni na mara nyingi kijana mmoja wa kuwasindikiza, kila mmoja ameshika muo, yaani mti ulionolewa ncha na kukomazwa kwa moto ambao hutumika kuchimbia. Hutafuta mmea unaotambaa ambao mizizi yake huitwa //ekwa, hugonga ardhi na kusikiliza, huchimba hadi mikono izame ardhini, kisha huwasha moto hapohapo, huchoma sehemu ya walichopata, hula, hunyonyesha, hucheka, na mara nyingine husinzia kivulini kabla ya kurudi kambini na mzigo uliobaki. Msimu wa ubuyu huleta kazi ya kutwanga mbegu na unga. Msimu wa matunda ya mikole na mengine madogo huleta siku ndefu za kuchuma. Wanaume wao hushinda mahali pao, wakinoa mishale, na wanawake hushinda chini ya mti wao. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliandika mwaka 1989 kuhusu bidii ya akina bibi wa Kihadzabe, wakaonyesha kuwa wanawake waliopita umri wa kuzaa huchimba kwa saa nyingi kuliko mabinti zao, na utafiti wao wa baadaye ulihusisha kazi hiyo ya bibi na afya ya wajukuu ambao mama zao wamejifungua tena. Bibi, katika mpangilio huu, ndiye muuguzi, mpishi na mshauri, yaani watumishi watatu ambao hifadhi ya mchana ya mjini huwaajiri kwa mishahara.

Mwanafunzi anayekaa kando ya kundi hilo, akiwa amesalimia kwa neno mtana, ambalo ndilo salamu yao, hana fomu ya kujaza wala zamu ya kuandika, na kazi yake ya kwanza ni kujifunza kukaa. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mafunzo ya ustawi wa jamii humzoeza mtu kuuliza kinachokosekana, na kwa saa za mwanzo hujikuta akihesabu visivyopo: choo, bomba, kitanda, daftari la kliniki. Baadhi ya vitu hivyo kweli vinakosekana na kukosekana kwake huua. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi uliozuiliwa anahitaji gari la kumfikisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwe katika nyanda za juu za Mbulu, na hakuna bibi anayeweza kufanya upasuaji. Lakini orodha ya visivyopo humfanya mtu asione kilichopo, na kilichopo kikishavunjwa na msaada hakijengeki tena kwa saa mbili.

Yaeda Chini inalijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali changa ya Tanzania, ikiwa na nia ya kuwaletea raia wote shule, zahanati na kilimo, iliwahamishia Wahadzabe wengi katika makazi ya kudumu mahali hapo, wengine kwa kusindikizwa na askari. Watu waliozoea kambi ndogo zilizotengana walijikuta wamerundikwa pamoja, maradhi ya kuambukiza yakawaingia, wengi wakafa, hasa watoto, na waliosalia wakarudi porini kidogo kidogo. Daniel Ndagala, mtaalamu wa Kitanzania aliyechambua juhudi hizo katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi mipango ya kuwaendeleza ilivyorudiwa na kurudiwa pasipo kuwauliza wahusika. Inapasa kusemwa kwa uwazi kwamba waliopanga hawakuwa watu waovu. Walitoa walichoamini kuwa ni bora, yaani paa, na kwa kulitoa wakamwondolea mwanamke kazi ya kujenga, uhuru wa kuhama na ukaribu wa mama yake, wakidhani wanamtoa katika hali ya kukosa makazi.

Ugumu wa kuyaandika makazi ya namna hii haujakwisha. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyokusudia kila nyumba iwe na namba na kila njia iwe na jina, na tarehe 23 Agosti mwaka huohuo ikafanya Sensa ya Watu na Makazi, ambayo kwa kanuni yake humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Sensa, kwa kufuata usingizi, inaweza kumfikia mwanamke aliye chini ya mwamba; anwani, kwa kufuata ukuta, haina pa kubandikwa kwenye kibanda cha nyasi kitakachoachwa kabla ya mvua zijazo. Mwanafunzi anayejaza jalada la shauri, yaani faili la mtu anayehudumiwa, hukuta nafasi iliyoandikwa makazi ya kudumu, na hapo hulazimika kuamua kama ataandika hana au ataandika bonde zima.

Kuandika bonde zima si maneno ya kishairi, kwa kuwa sheria imeshafanya jambo linalokaribiana na hilo. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na watawala wa Falme za Kiarabu ilikuwa imepewa nafasi ya kuwinda katika bonde la Yaeda, ikajiondoa mwaka huohuo baada ya wenyeji na watetezi wao kupinga. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team na kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Wahadzabe walipata hati ya haki miliki ya kimila, yaani hati inayotambua umiliki wa ardhi kwa desturi, si kwa jina la mtu mmoja bali kwa jina la jamii, juu ya takribani hekta 20,000. Kisha ukaanza mradi wa hewa ya ukaa pamoja na shirika la Carbon Tanzania, ambao kwa ufupi huuza kwa wanunuzi wa mbali uthibitisho kwamba misitu ya bonde haijakatwa, na fedha zake huwalipa walinzi wa misitu wa vijiji, huchangia ada za shule na matibabu. Jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2019. Yapo maswali halali kuhusu biashara ya hewa ya ukaa, na mwandishi hayapuuzi, ila kwa mwanamke mwenye muo mkononi hati hiyo ina maana iliyo wazi: mti anaoshinda chini yake haukatwi na anayetaka shamba jipya, na mizizi iliyo chini ya ardhi inabaki kuwa mahali ambapo mama yake alimwonyesha.

Shinikizo limebaki. Mashamba huteremka kutoka nyanda za juu, ng'ombe wenye kiu huja kutoka tambarare, na kila wanapozidi, wanawake hutembea mbali zaidi kwa mizizi michache zaidi. Baadhi ya wafugaji wanaowasukuma Wahadzabe wenyewe ni watoto wa waliosukumwa kutoka Basuto, na wengine ni wajukuu wa wale wasichana wa Kiiraqw waliofukuzwa kwa ajili ya mimba, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta mkosaji mmoja wa kumlaumu atajikuta akirudi nyuma kizazi baada ya kizazi.

Upande wa pili wa nyanda hizo, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa takribani mita 3,420, maana ya kukosa makazi ilionekana kwa siku moja. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80 na kuharibu nyumba nyingi. Walionusurika walipokelewa katika shule zilizogeuzwa kambi, maafisa ustawi wa jamii waliletwa kutoka maeneo mbalimbali kutoa msaada wa kisaikolojia, yaani kuwasaidia watu kubeba mshtuko na msiba, na baadaye nyumba mpya zikajengwa eneo la Waret. Katika kambi ya maafa, kama katika hifadhi ya mjini, godoro na blanketi hutangulia kugawiwa kwa sababu usiku hauwezi kusubiri. Ni mchana ndio unaobaki bila mwenyewe, mchana ambao mwanamke asiye na jiko lake, asiye na shamba la kwenda wala jirani wa kuazimana chumvi, huketi ukingoni mwa uwanja wa shule akiwa amefunga kanga kifuani. Mwanafunzi aliyewahi kuketi na kundi la wanawake wa Yaeda Chini angejua kwamba mafiga, kisu na kivuli kinachotosha wanawake kumi huingia katika orodha ya mahitaji ya siku ya kwanza, pamoja na blanketi.

Njia ya kurudi inaweza kupita Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, katikati ya mashamba ya vitunguu yanayomwagiliwa kwa chemchemi, na hapo jirani upo mwamba wa Mumba, ambao dari lake la jiwe limekinga watu kwa zaidi ya miaka 100,000. Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit waliuchimba katika miaka ya 1930, na wachimbaji waliowafuata wakarudi tena na tena. Katika tabaka zake wameokota mawe yaliyochongwa, mifupa ya wanyama, na shanga ndogo zilizokatwa kutoka katika maganda ya mayai ya mbuni, zilizotobolewa na kusuguliwa hadi zikawa duara, baadhi yake zikiwa za takribani miaka 50,000. Kutengeneza ushanga mmoja wa namna hiyo hutaka mwanga, subira na mahali ambapo mtu ameketi bila kufukuzwa. Katika kambi za bonde la Yaeda, wanawake waliorudi na mizizi hukaa chini ya mbuyu wakati jua linapolainika, wakatandika ngozi au kipande cha gunia, wakaanza kutunga shanga za kioo kwenye uzi, mabinti wakiwa ubavuni mwao, na moto wa jioni haujawashwa bado.